Kuzaliwa na Kufa kwa Kijenzi: Uhakiki wa Kiolesura cha Kiwanda katika Programu Zilizosambazwa

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kiolesura cha kiwanda, yaani mlango ambao programu mteja huupitia ili kuomba kijenzi kiundwe katika kompyuta nyingine. Mifumo mitatu inachunguzwa: COM ya Microsoft, CORBA ya Object Management Group, na Enterprise JavaBeans (EJB) ya Sun Microsystems. Hoja inayojengwa ni kwamba viwanda hivi vilisifiwa kwa namna vilivyoficha kuzaliwa kwa kijenzi, ilhali vilistahili kupimwa kwa mambo mawili yaliyosemwa kidogo: nani hukipa kijenzi utambulisho wake, na nani ana wajibu wa kukiondoa. Mfano wa DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaotumiwa na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, unaonyesha kwamba maswali hayo hayajapitwa na wakati.

1.0 Utangulizi

Ndani ya kompyuta moja, kuunda kitu cha programu ni tendo dogo. Msimbo hutaja aina ya kitu kinachotakiwa, nafasi ya kumbukumbu hutengwa, na kitu huanza kazi. Nafasi isipotosha, mwombaji hupata habari papo hapo, kwa kuwa yeye na kinachoundwa wanaishi katika mchakato mmoja na watakufa pamoja. Mambo hubadilika pale kijenzi kinapotakiwa kuishi Dodoma na anayekiomba yuko Kigoma. Mteja hana msimbo wa kijenzi hicho. Huenda hajui hata kinakaa katika seva ipi. Na mtandao ulio kati yao unaweza kukatika wakati wowote. Ndipo kiwanda kinapoingia. Kiwanda ni kijenzi kilichokwisha kuwapo, ambacho mahali pake panajulikana, na ambacho kazi yake ni kuunda vijenzi vingine kwa niaba ya walio mbali. Kiolesura cha kiwanda ni orodha ya maombi ambayo kiwanda hicho kimekubali kuyapokea.

Jina hilo lilipata heshima kubwa kupitia kitabu Design Patterns cha Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides, kilichotoka mwaka 1994. Wazo lenyewe halikuanzia hapo. COM ilikuwa na kiwanda chake mwaka mmoja kabla. Waandishi hao wanne walishughulika na tatizo la ndani ya programu: msimbo unaotaja aina mahususi kila mahali ni mgumu kubadilishwa, hivyo ni heri kazi ya kuunda ikabidhiwe kitu kimoja na wengine wasijue undani wake. Katika mazingira hayo kuficha ni fadhila. Wahandisi wa mifumo iliyosambazwa waliikumbatia fadhila hiyohiyo, na kuipeleka mahali ambapo kilichofichwa mara nyingi ndicho kilichohitaji kuonekana.

Mwaka huohuo wa 1994, Jim Waldo, Geoff Wyant, Ann Wollrath na Sam Kendall wa maabara za Sun Microsystems walitoa andiko fupi lenye kichwa A Note on Distributed Computing. Walionya kwamba kitu kilicho mbali hakiwezi kuchukuliwa kama kitu cha karibu kinachochelewa kidogo kujibu. Walitaja tofauti nne: muda wa kusubiri, namna ya kuifikia kumbukumbu, kushindwa kwa sehemu ya mfumo, na matendo yanayokwenda kwa wakati mmoja. Tofauti ya tatu ndiyo inayohusu viwanda zaidi. Sehemu moja ya mfumo inaweza kufa huku nyingine ikiendelea, na iliyobaki haina njia ya hakika ya kujua kilichotokea. Kitabu kile na andiko hili vinastahili kusomwa kwa pamoja, kimoja kikiwa mkononi kama jibu la kingine.

2.0 COM: kiwanda chembamba chenye hesabu ya maziko

Kiwanda cha COM, mfumo uliotoka mwaka 1993, ni chembamba kuliko vyote. Kiolesura chake, IClassFactory, kina kazi mbili tu za kwake. Ya kwanza, CreateInstance, huunda kijenzi. Ya pili, LockServer, huizuia seva isiondolewe kumbukumbuni hata kama kwa wakati huo haina kijenzi kinachotumika. Kila aina ya kijenzi hutambulishwa kwa namba ya biti 128, na Windows huitumia namba hiyo kutafuta katika rejista programu inayokihifadhi kiwanda. Watayarishaji wengi wa programu hawakukutana na kiwanda ana kwa ana. Waliita CoCreateInstance, nayo ikakitafuta kiwanda, ikakiomba kijenzi, kisha ikakiachia kiende zake.

Kazi ile ya pili haikupewa uzito na wengi, lakini ndiyo inayopendeza kwa mhakiki. Inakiri, ndani ya kiolesura chenyewe, kwamba anayeomba kuundiwa kitu ana maslahi pia katika uhai wa mahali kinapoundiwa. Viwanda vilivyofuata, ingawa vilikuwa vinene zaidi, havikukiri hivyo.

DCOM ilipotoka pamoja na Windows NT 4.0 mwaka 1996, tendo la kuunda lilivushwa mtandaoni, na tofauti za Waldo na wenzake zikajitokeza mara moja. Kazi mpya, CoCreateInstanceEx, ilimruhusu mteja kutaja kompyuta anayoitaka na kuomba violesura kadhaa vya kijenzi kwa safari moja. Katika COM ya kompyuta moja, kuomba kiolesura kimoja baada ya kingine hakukugharimu kitu cha kutajwa. Mtandaoni kila ombi ni safari ya kwenda na kurudi. Mabadiliko hayo madogo ya saini ya kazi yana uaminifu ambao haupatikani katika kurasa nyingi za matangazo ya bidhaa za wakati ule.

Kuhusu kifo, COM hutegemea hesabu ya marejeleo: kila anayekishika kijenzi huongeza moja, kila anayekiachia hupunguza moja, na hesabu ikifika sifuri kijenzi hujiondoa. Kompyuta ya mteja ikizimika ghafla, hakuna wa kupunguza. DCOM ilijibu kwa kuitaka kompyuta ya mteja itume ishara ya uhai kila baada ya dakika 2; ishara tatu zikikosekana mfululizo, seva huhesabu kwamba mteja amefariki na kuyafuta marejeleo yake. Kwa dakika 6, basi, seva humtunzia marehemu mali yake. Ni gharama, na katika mtandao dhaifu ni hatari pia, kwa sababu mteja aliye hai lakini aliyekatiwa mawasiliano atakuta kijenzi chake kimekwisha kuzikwa. Hata hivyo gharama hiyo ina namba, na jambo lenye namba linaweza kujadiliwa.

Washauri wa sera wana sababu nyingine ya kuitazama COM. Kiolesura kilichofuata, IClassFactory2, kiliongeza uwezo wa kiwanda kukataa kuunda kijenzi mpaka kioneshwe ufunguo wa leseni. Hapa kiwanda kinasema waziwazi kile ambacho mikataba ya ununuzi huzunguka: anayekishika kiwanda ndiye anayeamua kama mfumo utakuwa na vijenzi vipya kesho. Serikali inaweza kuwa na data yake yote na kompyuta zake zote, na bado ikakwama langoni.

3.0 CORBA: ukarimu usio na wajibu

Object Management Group iliundwa mwaka 1989 na kutoa toleo la kwanza la CORBA mwaka 1991. Huduma yake ya mzunguko wa uhai ina mtafutaji wa viwanda, kiwanda cha jumla kinachopokea orodha ya vigezo, na kiolesura chenye kazi za kunakili, kuhamisha na kuondoa kijenzi. Kwenye karatasi ni pana kuliko IClassFactory. Lakini kiwanda katika CORBA ni kijenzi chochote kinachorudisha rejeleo la kijenzi kingine. Hakuna umbo moja linalolazimishwa, na kiwanda cha jumla hupokea vigezo ambavyo maana yake lazima ikubaliwe nje ya kiolesura, kati ya watu. Ukarimu wa namna hii hurudisha mzigo kwa yule uliyedhani umemtua.

Maziko nayo hayana mwenyewe. CORBA haina ukusanyaji wa vijenzi vilivyoachwa mtandaoni. Mteja anatarajiwa kuita kazi ya kuondoa. Asipoiita, kijenzi hubaki. Michi Henning na Steve Vinoski, katika kitabu chao cha mwaka 1999 kuhusu CORBA na lugha ya C++, walieleza mbinu ya seva kuwatoa kumbukumbuni wapangaji waliokaa muda mrefu bila kutumika na kuwarejesha wakihitajiwa. Mbinu ni nzuri, lakini ni kazi ya mtayarishaji mmojammoja. Mfumo wa mtu makini hukaa safi, na wa mtu asiye makini hujaa, ilhali violesura vya wote wawili vinafanana.

4.0 EJB: kitenzi kimoja, matendo matatu

EJB ya mwaka 1998 ndiyo iliyokipa kiwanda hadhi ya juu zaidi, na ndiyo inayohitaji uhakiki mrefu zaidi. Kila kijenzi kilipewa kiolesura cha nyumbani. Mteja alikitafuta kiolesura hicho katika daftari la majina, akalibadili rejeleo alilopewa liwe la aina inayotakiwa, kisha akaita kazi yenye jina create. Nyumbani hapohapo palikuwa pia na kazi za kutafuta vijenzi vilivyokwisha kuwapo na kazi ya kuviondoa. Kiwanda, ofisi ya masijala na makaburi viliwekwa chini ya paa moja.

Tatizo la msingi linaonekana vizuri pale mtu anapojaribu kuieleza create kwa Kiswahili. Kwa kijenzi cha kikao kisicho na kumbukumbu ya mteja, kontena halilazimiki kuunda chochote wakati huo. Linaweza kusubiri hadi kazi halisi iitwe, kisha likachukua kijenzi kimojawapo kutoka katika akiba, likakitumia na kukirudisha. Kitenzi kinachofaa hapo ni kuazima. Kwa kijenzi cha kikao chenye kumbukumbu, create huanzisha mazungumzo ya mteja mmoja na seva, nayo hudumu mpaka yafungwe au muda wake uishe. Hapo kinachofaa ni kufungua, kama mtu anavyofungua shauri au akaunti. Kwa kijenzi cha data, create huingiza safu mpya katika hifadhidata, na safu hiyo itabaki hata seva ikizimwa na kuwashwa mara mia. Hapo Kiswahili kinadai kuandikisha.

Kuazima, kufungua, kuandikisha: matendo matatu ambayo msemaji wa kawaida hawezi kuyachanganya, yalipewa neno moja katika lugha ya programu. Kuna watakaosema kwamba hilo ni suala la majina tu. Siyo. Kitenzi cha kuondoa kiliandamwa na utata uleule, na huko madhara ni makubwa zaidi. Kuita remove juu ya kijenzi cha kikao kisicho na kumbukumbu hakuhitaji kuondoa chochote. Kuiita juu ya kijenzi cha data kunafuta rekodi. Mtayarishaji aliyezoea kuondoa vijenzi baada ya kuvitumia, kwa nia njema ya kuiachia seva nafasi, angefuta taarifa za mteja wa benki akidhani anafunga mlango. Kiolesura kilichosifiwa kwa kuficha tofauti kilikuwa kimeficha tofauti kati ya kurudisha koleo ghalani na kubomoa nyumba.

EJB ina sifa yake pia. Kazi za mbali zililazimishwa kutangaza kwamba zinaweza kushindwa kwa sababu ya mtandao, na mtayarishaji hakuweza kukwepa kuandika msimbo wa kushughulikia hali hiyo. Sharti hilo lilirithiwa kutoka RMI, iliyoingia katika Java mwaka 1997 na ambayo Wollrath alikuwa mbunifu wake mkuu. Yaani onyo la mwaka 1994 liliingia katika lugha yenyewe. Shida ni kwamba sharti lilitumika hata pale mteja na kijenzi walipokuwa ndani ya seva moja. Toleo la 2.0 la mwaka 2001 likaongeza violesura vya karibu, pamoja na nyumba zake, na idadi ya violesura ambavyo kijenzi kimoja kingeweza kuwa navyo ikaongezeka maradufu.

Upinzani haukuchelewa. Martin Fowler, mwaka 2002, alishauri kwamba kanuni ya kwanza ya kusambaza vitu vya programu ni kutovisambaza. Mwaka huohuo Rod Johnson alichapisha ukosoaji mpana wa matumizi ya EJB ambao ulizaa kiunzi cha Spring, kilichofikia toleo la 1.0 mwaka 2004. Toleo la 3.0 la EJB, mwaka 2006, liliacha kuulazimisha ule mlango wa nyumbani. Kontena lingempa mteja rejeleo moja kwa moja, bila yeye kulitafuta wala kuita create. Wengi walisherehekea kana kwamba kiwanda kimekufa. Kiuhakika kilihamia ndani ya kontena, ambako hakionekani kabisa. Kwa vijenzi visivyo na kumbukumbu, kuhama huko hakukupoteza kitu, kwa sababu kuunda kwenyewe kulikuwa jina tupu. Kwa vijenzi vyenye kumbukumbu ni vigumu zaidi kushangilia, kwani mazungumzo sasa yanafunguliwa bila kitenzi chochote kutamkwa, na msomaji wa msimbo hana mahali pa kuweka kidole.

5.0 Jibu lililopotea

Mifumo yote mitatu ina udhaifu mmoja ambao hautokani na wingi wala uchache wa kazi zake. Mteja anaomba kijenzi kiundwe. Seva inakiunda. Jibu linapotea njiani. Mteja, asipopata jibu, anajua tu kwamba hakupata jibu. Akiomba tena, huenda kukawa na vijenzi viwili; asipoomba, huenda kukawa hakuna hata kimoja. Kwa kijenzi cha kuazima hilo halidhuru. Kwa kijenzi cha mazungumzo linaacha yatima ambaye ukomo wa muda utamwondoa. Kwa kijenzi cha kuandikisha linaacha mgonjwa mwenye faili mbili, au malipo yaliyoingia mara mbili.

Njia ya kulipunguza ilijulikana: mteja ndiye atoe utambulisho kabla ya kuomba. Ombi likirudiwa na utambulisho uleule, seva inatambua kwamba ni lilelile. Kijenzi cha data cha EJB kiliruhusu hili, kwa kuwa ufunguo wa msingi ungeweza kupokelewa kama kigezo cha create, lakini hakikulitaka. CreateInstance ya COM haina hata nafasi ya kigezo hicho. Kwa mtazamo wa falsafa ya kuficha, hilo lilikuwa sawa: kwa nini mteja ajishughulishe na jina la asichokijua? Kwa mtazamo wa mtandao unaokatika, mwenye kutoa jina ndiye mwenye uwezo wa kuuliza baadaye kama aliyempa jina hilo yupo.

Upande wa kifo, mawazo yaliendelea vizuri zaidi. RMI ilichukua dhana ya pango: rejeleo la mbali hukodishwa kwa muda, kwa kawaida dakika 10, na mshikaji huliombea nyongeza. .NET Remoting ya mwaka 2002 nayo ilitumia pango, kijenzi kikipewa dakika 5 za mwanzo na kila wito ukihakikisha kwamba zimebaki angalau dakika 2. Huko, kwa bahati, kiwanda kilirudishwa na watayarishaji wenyewe. Vijenzi vilivyoundwa kwa ombi la mteja vilidai mteja awe na maelezo ya aina halisi, hivyo wengi waliweka kiwanda kwenye seva ili mteja abaki na kiolesura peke yake. Ni moja ya mahali pachache ambapo kiwanda kilidaiwa na haja iliyohisiwa kazini kabla ya kupendekezwa na waraka.

6.0 Kiwanda mfukoni mwa mhudumu wa afya

Ingekuwa rahisi kuufungia mjadala huu katika historia. DHIS2 inaonyesha kwamba haukufungwa. Programu hii huria ya taarifa za afya, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo na washirika wake, imeandikwa kwa Java juu ya Spring, yaani juu ya kiunzi kilichozaliwa na ukosoaji wa EJB. Kenya iliitumia kitaifa mwaka 2011. Tanzania, Uganda na Rwanda nazo huitumia. Programu yake ya simu za Android imeundwa ili ifanye kazi pasipo mtandao, na hapo ndipo swali la kiwanda linaporudi.

Mhudumu aliye kijijini anapomsajili mtu, seva haipo. Simu yenyewe hutunga utambulisho wa herufi na tarakimu 11 na kuuambatisha na rekodi. Mtandao unapopatikana, rekodi hutumwa. Ikitumwa mara mbili kwa sababu jibu lilipotea, utambulisho ni uleule. Tendo la kuandikisha limehamishwa kutoka kwenye seva hadi kwa mteja, kinyume cha mafundisho ya miaka ya 1990, na tatizo la jibu lililopotea limepungua. Halijaondoa tatizo la wahudumu wawili kumsajili mtu mmoja katika simu mbili, kwani kila simu hutunga utambulisho wake. Hilo linahitaji kulinganisha majina, tarehe za kuzaliwa na mahali, kazi ambayo hakuna kiwanda kinachoweza kuifanya wakati wa kuunda.

Palipo na namba ambayo lazima ifuate mpangilio maalumu na isijirudie nchini, simu haiwezi kuitunga peke yake. DHIS2 huiruhusu iombe mapema akiba ya namba ikiwa mtandaoni, na akiba hiyo ina tarehe ya kwisha. Huu ni ufundi ambao viwanda vya awali havikuwa nao: mteja anapewa majina kabla ya vitu kuwapo, na anapewa kwa pango. Kifo cha jina kimepangwa kabla ya kuzaliwa kwa mwenye jina.

Namna hii inaleta maswali ya uendeshaji ambayo wizara haina budi kuyajibu yenyewe. Akiba fupi mno humwacha mhudumu wa mbali bila namba katika msimu wa mvua. Ndefu mno huacha namba nyingi zimefungwa ndani ya simu zilizoharibika. Simu inaweza pia kupotea baada ya mhudumu kuandika namba kwa kalamu kwenye kadi ya mama mjamzito na kabla ya rekodi kufika kwenye seva. Kwa seva, namba hiyo haijatumika. Tarehe ikipita, je, inaweza kutolewa kwa mtu mwingine? Mwongozo wa kununua au kuendesha mfumo unaweza kulijibu hilo kwa sentensi moja, pamoja na kutaja urefu wa akiba kwa siku na cheo cha ofisa mwenye mamlaka ya kuifuta kabla ya wakati wake.